Barua Niliyoiandika kwa Herufi za Papa Saidi

Vijana wa ofisi wameniomba niwaandikie jinsi barua ya serikali inavyoandikwa ikaeleweka. Nimestaafu mwezi uliopita, kwa hiyo sina tena kisingizio cha kazi nyingi. Habari za vyeo nitaziruka. Aliyekaa ofisini muda mrefu hupandishwa tu. Hata kiti changu kilipandishwa, kikawekewa miguu mipya ya mbao. Nitasema habari za kazi yenyewe, za mtu aliyenifundisha, na za barua moja ambayo kwa miaka mingi sikutaka kuitaja.

Niliingia kazini siku za mwisho za Wabelgiji, mji ungali unaitwa Stanleyville. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Yanonge. Nilisoma kwa mapadri, na Kifaransa changu kilikuwa cha kanisani: kizuri kwa sala, lakini huwezi kukitumia kuomba mbao za daraja. Siku ya kwanza nilivaa shati la Jumapili, nikafika mapema kuliko mwenye ufunguo. Karani mkuu, Papa Saidi, aliponikuta mlangoni alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanipa brashi na chupa ya spiriti, akanionyesha mashine ya kuandikia.

"Bon, petit. Kwanza unasafisha herufi. Zinajaa wino, mutu anasoma e, anazani iko o. Ukimaliza tutaona kama unajua kuandika."

Nilisafisha herufi wiki nzima, na petit, yaani kijana, likabaki jina langu. Shati la Jumapili halikurudi kanisani tena.

Papa Saidi alikuwa mtu wa mtaa wa Kabondo, wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walikuja na biashara za zamani. Alivaa kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi, na penseli nyekundu haikukosa nyuma ya sikio lake. Alikuwa na hasira za haraka zilizoisha haraka. Kifaransa chake alijifunza mwenyewe kwa kunakili barua za wakubwa, na alijua vizuri kuliko wao ni maneno gani yalikuwa ya bure. Siku moja nilimletea barua kuhusu vyoo vya soko. Nilikuwa nimeanza, kama nilivyofundishwa, kwa kusema kwamba nina heshima kubwa ya kuleta mbele ya ujuzi wa juu wa mheshimiwa jambo lifuatalo. Aliisoma mbele ya wenzangu, pole pole.

"Alors, Albert, kama choo inabomoka, heshima iko wapi?"

Alikata mistari minne kwa penseli yake. Heshima moja aliiacha, maana bila hiyo mkubwa angenuna.

Alikuwa na desturi ambayo sijaiona katika ofisi nyingine yoyote. Barua ikimalizika, kabla ya kupelekwa kwa mkubwa kutiwa sahihi, alimwita planto wetu, mzee Bolamba, aliyekaa mlangoni kupokea wageni na kubeba mafaili. Mzee Bolamba alikuwa askari wa zamani, hakujua kusoma, na alipenda kunitania. Papa Saidi alimweleza kwa Kiswahili barua inasema nini, neno kwa neno, bila kuongeza kitu. Kisha alimwuliza swali moja: "Kama barua hii ni yako, kesho asubuhi utafanya nini?"

Mzee Bolamba akijibu, "Nitatuma fundi kwa soko na mbao sita," barua ilikwenda. Akisema, "Sijue, patron, labda nitangoya," barua ilirudi mezani kwangu. Wageni walicheka desturi hiyo. Mimi nasema hadi leo kwamba sijaona kipimo bora, na vijana mnaobishana juu ya maneno makubwa mngefanya vema kumtafuta Bolamba wenu.

Jambo la pili nataka mlielewe kwa makini, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Chini ya kila barua, pembeni kushoto, ziliandikwa herufi mbili za jina la aliyeitunga. Sahihi ilikuwa ya mkubwa, lakini herufi zilionyesha kazi ni ya nani. Karani mgeni hakuruhusiwa kuweka herufi zake. Barua zake zilibeba za karani mkuu, hadi karani mkuu mwenyewe aseme kwamba amekomaa. Nilimwuliza Papa Saidi sababu, nikidhani ananinyima sifa. Alinijibu kwamba barua ikiuma mtu, wazee wana ngozi ngumu. Nakala ya kila barua iliwekwa katika jalada tuliloliita krono, zimepangwa kwa nambari na kwa siku. Krono haikuruhusiwa kuwa na pengo. Nambari moja ikikosekana, tulikaa kuitafuta hadi ipatikane, hata kama ilikuwa barua ya kuomba sabuni.

Uhuru ulikuja. Wazungu wa ofisi yetu waliondoka ndani ya siku chache, wengine wakaacha miwani mezani. Makarani waliamka wakubwa. Papa Saidi hakuamka chochote, maana alikataa kujisogeza, na mkubwa mpya alikuwa mtu ambaye zamani alikuwa tarishi wa kumletea Papa Saidi bahasha. Tulifanya kazi kwa amri za serikali hii asubuhi na serikali ile mchana. Mihuri ilibadilika upesi kuliko hali ya hewa. Nilijifunza hapo kuandika siku na mahali kwa ukamilifu, na kuambatanisha nakala ya barua ninayoijibu, kwa sababu aliyeniandikia jana huenda leo hayupo, na aliyekaa kwenye kiti chake hana habari.

Katika siku hizo ndipo mkubwa wetu alipoamriwa kutoka juu aeleze ni wapi vijana wa chama fulani wanakutana. Jibu lilitakiwa siku hiyo hiyo. Papa Saidi alikuwa na barua nyingine za haraka, akanipa mimi. Nilifurahi. Ilikuwa barua ya kwanza nzito kukabidhiwa, na nilitaka asipate pa kuweka penseli.

Watu walisema mikutano ilikuwa katika uwanja wa nyumba ya Gaspard, fundi cherehani. Mwingine angeandika "katika mtaa fulani" na kumaliza. Mimi nilichukua baiskeli ya ofisi, nikaenda kuhakikisha. Nambari ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa chokaa, kumi na nne. Gaspard alikuwa barazani, anashona sare za shule.

"Petit, unatafuta nani?" aliniuliza.

"Napita tu, tonton," nikajibu, kama kumwita mjomba.

"Pita muzuri. Jua iko kali, unywe maji."

Alinipa maji kwenye kikombe cha bati. Niliyanywa, nikarudi ofisini, nikaandika jina lake, mtaa wake, nambari ya nyumba, siku na saa za mikutano. Barua ilikuwa na mistari kumi na miwili. Hadi leo naikumbuka yote, na nasikitika kusema kwamba ni miongoni mwa barua zangu zilizoandikwa vizuri zaidi.

Papa Saidi aliisoma mara mbili. Penseli yake haikushuka. Akamwita mzee Bolamba, akamweleza barua inasema nini, akamwuliza swali lake.

"Kesho asubuhi?" akasema mzee Bolamba. "Nitaenda pale kumi na nne, nitamukamata ule mutu."

Papa Saidi aliniuliza: "Hii nambari ya nyumba, petit, iko lazima?"

Nilijua anauliza nini. Lakini nilikuwa kijana aliyepita jaribio bila kosa, nikamjibu kwa maneno yake mwenyewe: "Papa, ulinifundisha mutu akisoma barua asiulize mara mbili."

Aliangalia saa. Mkubwa alikuwa ameshatuma mtu kuulizia. Akaweka herufi zake pembeni kushoto, kwa mkono mzito, akanirudishia karatasi bila kunisifu. Wakati huo nilikasirika kwamba hakunisifu.

Gaspard alikamatwa kesho yake. Alikaa gerezani miezi kadhaa, akaugua tumbo, akafa humo. Mikutano haikuwa hata yake. Aliwapa vijana uwanja kwa sababu mmoja wao alikuwa mdogo wake. Habari ya kifo ilipotufikia, Papa Saidi alifunga kalamu yake, akaenda nyumbani kabla ya saa. Hakunilaumu kwa neno lolote, na mimi sikumwambia neno lolote. Kuanzia siku hiyo aliacha kumwuliza mzee Bolamba. Nilimkosa Papa Saidi wa zamani ningali namwona kila siku.

Kisha uasi ukaja mjini. Waasi hawakuwapenda makarani. Kwao mtu mwenye kalamu mfukoni alikuwa mtu aliyekula na serikali. Mkubwa wetu alikimbia na familia yake. Asubuhi ile, peke yangu katika chumba cha mafaili, nilifungua krono, nikatoa nakala ya barua ya Gaspard. Kiberiti nilikuwa nacho. Nikatazama mahali ilipotoka, nambari iliyotangulia na nambari iliyofuata, na katikati hakuna kitu. Nilijiambia kwamba pengo litaonekana na maswali yatakuwa mabaya zaidi. Huo ulikuwa uongo niliojipa. Ukweli ni kwamba mkono wangu ulikataa kuharibu krono. Nikairudisha barua mahali pake, nikanyoosha hata kona yake iliyokunjika.

Mtu asiye karani hawezi kuelewa upumbavu huo. Sijui kama ninyi mnaweza.

Siku ya tatu walikuja watu watano wenye bunduki. Mmoja alikuwa mwalimu zamani, anajua Kifaransa. Mwingine alikuwa mdogo wake Gaspard. Hawakutafuta sana, kwa sababu krono yetu ilikuwa nzuri. Mwalimu alihesabu miezi, akafungua, akaipata. Walitupanga barazani, Papa Saidi, mimi, mzee Bolamba na makarani wengine wawili. Mwalimu aliisoma kwa sauti, akiitafsiri kwa Kiswahili. Kila mtu alielewa kila sentensi.

"Hii herufi S.M.," akasema mdogo wake Gaspard, "iko ya nani?"

"Iko yangu," akasema Papa Saidi.

"Weye mwenyewe uliandika, ao kuko mutu alikuandikia?"

Nimeliwaza swali hilo kuliko swali lolote nililoulizwa maishani. Mlango wa kunitaja ulikuwa wazi. Papa Saidi hakunitazama.

"Miye mwenyewe. Herufi iko yangu, barua iko yangu."

Walimpeleka upande wa mto. Tulisikia bunduki, kisha hatukusikia kitu tena. Mzee Bolamba, ambaye alijua kila kitu, alinitazama mara moja, akarudi kukaa mlangoni kwake. Alifanya kazi nasi miaka mingine sita na hakunitania tena.

Baada ya hapo, vijana, kuna miaka mingi ambayo mnaijua kwa sehemu. Jina la mji lilibadilika, na jina la nchi. Riboni za mashine zilikosekana, tukazilowesha mafuta ya taa ili zitoe wino wa mwisho. Karatasi ziliisha, tukaandika nyuma ya fomu za zamani za Wabelgiji. Nilipewa makarani wa kufundisha, na niliwafundisha yote niliyoyasema hapa, isipokuwa swali la Bolamba. Hilo sikuwa na uso wa kuliuliza. Watu walinisifu kwa barua zilizonyooka. Kila nilipoweka herufi zangu pembeni kushoto, roho ilinisuta.

Mjane wa Papa Saidi, Mama Zaina, alikuja ofisini mara moja, watoto wake wakiwa bado wadogo. Alihitaji hati ya kifo ili waandikishwe shule. Nilimpa kiti, nikaandika mwenyewe. Mahali pa sababu ya kifo niliandika kwamba marehemu alifariki kufuatia matukio. Sentensi ya namna hiyo ningeichana kama ingeletwa na karani yeyote.

"Ulikuwako pale?" aliniuliza.

"Nilikuwako, mama."

"Alisema nini?"

"Sikusikia muzuri. Kulikuwa na makelele."

Hakukuwa na makelele. Alipokea hati kwa mikono miwili, akanishukuru, akaenda.

Watoto wake wawili walikua wakiitwa watoto wa mtu aliyemwuza jirani yake. Mkubwa, Hasani, alichumbia msichana hapa mjini, na ndugu wa Gaspard wakaenda kuwaeleza wazazi wa msichana. Uchumba ukavunjika. Alihamia Bafwasende, akawa dereva wa lori, na hakuja mjini ila kumwona mama yake. Haya yote niliyasikia. Niliyasikia nikiwa mezani kwangu, umbali wa nusu saa kwa miguu kutoka mlango wao.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilikosa pa kwenda asubuhi. Siku ya nne nilikwenda Kabondo. Mama Zaina alikuwa uani anachambua pondu, mboga ya majani ya muhogo, macho yake yamefifia. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya utangulizi. Nikayaruka.

"Mama, ile barua ya Gaspard, niliandika miye."

Aliendelea kuchambua majani. "Minajua," akasema. "Jioni ile alikuya hapa hakukula. Aliniambia, petit ameandika barua, hakuna kosa hata moja, na miye nimeweka herufi, na moyo yangu iko mubaya."

"Ulijua miaka yote hii? Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuya kwa bureau yako, Albert. Nilikuuliza. Ulisema kulikuwa makelele."

Nikamwambia kwamba nitaandika karatasi yenye jina langu kamili, nieleze kila kitu, wampe yeyote wanayemtaka. Alitikisa kichwa.

"Karatasi hapana. Karatasi ilisema iko yeye, na batu wote waliamini. Na watoto, nikiwaambia miye, wanazani mama anamufunika papa yao. Hasani anakuya djuma hii. Utakaa hapa, utasema na kinywa yako."

Ijumaa nilifika baada ya sala. Nilikuwa naogopa, siwezi kulipamba. Walikuwa wamekaa, Hasani mwenye mvi sasa, na mdogo wake Idi, seremala. Niliwaambia habari yote kama nilivyoiandika hapa, baiskeli, kikombe cha maji, nambari mlangoni, kiberiti, baraza. Hawakunikatiza. Nilipomaliza, Hasani aliuliza jambo moja.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na tatu."

"Miye pia nilikuwa na makumi mbili na tatu, wakati walinikatalia yule binti," akasema. Alisimama, akachukua kofia yake, akatoka bila kuniaga. Mama yake hakumwita.

Idi alibaki akitazama mikono yake. Kisha aliniuliza kama baba yake aliogopa.

Miaka yote nilipomkumbuka Papa Saidi nilimfanya jasiri, asiyetetemeka, kwa sababu hivyo ilikuwa rahisi kwangu. Nikamwambia Idi kama ilivyokuwa.

"Aliogopa sana. Sauti yake ilikatika. Mara ya kwanza hawakusikia, wakamuuliza tena, na akasema tena iko yeye."

"Na weye?"

"Nilikuwa pembeni yake," nikamjibu. "Mukono yake ilikuwa inagusa yangu. Nikasogea mbali naye."